Kabla hujasema “muvi mbovu”, kagua flashi

Chukua muvi moja ya mapanga na majoka. Ionyeshe Mwanjelwa, Mbeya, saa nane mchana, ndani ya kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video, chenye mabati yaliyojaa matundu ya misumari. Kisha ionyeshe usiku sebuleni Kihesa, Iringa, taa zimezimwa. Utapata hukumu mbili. Wa Mwanjelwa atasema ni giza tupu na makelele. Wa Kihesa atasema pigano la mwisho halina mfano. Wakikutana kwenye kahawa watabishana mpaka jioni, na hakuna atakayeshinda, kwa sababu hawakutazama kitu kimoja.

Muvi za mapigano na za kichawi ndizo zinazoonewa zaidi katika ubishi wa aina hii. Muvi ya wapenzi wawili wanaogombana mezani huvumilia kopi dhaifu, kioo kidogo na spika iliyochanika. Pigano la usiku kwenye mvua halivumilii hata kimoja. Ndiyo maana ukaguzi unaanzia kwenye vitu vilivyo mkononi mwako, yaani flashi, televisheni na sauti, ndipo unarudi nyuma kwa mhariri, mwongozaji na mwandishi. Hata fundi umeme huanza na swichi kabla ya kuomba ngazi.

Hesabu ya flashi

Diski ya Blu-ray ya gigabaiti 25 ikijazwa muvi moja ya saa mbili, inatoa takriban megabiti 28 kwa kila sekunde. Muvi hiyohiyo ukiwekewa laibrari, yaani duka la kunakilia muvi, kwa faili la megabaiti 700, zidisha 700 kwa 8 (baiti moja ni biti 8), gawanya kwa sekunde 7,200, unapata 0.78. Hiyo haifiki hata megabiti moja kwa sekunde. Programu za kubana zimekuwa na akili nyingi siku hizi, lakini haziwezi kufanya muujiza. Kuna kitu lazima kitupwe, na kinachotupwa kwanza ni kile ambacho programu inadhani jicho halitakigundua, hasa tofauti ndogondogo ndani ya giza.

Ubanaji unategemea vitu visivyosogea. Mtu akiongea mbele ya ukuta, ukuta unahifadhiwa mara moja na kurudiwa, nguvu yote inabaki kwa uso wake. Mvua, moshi, cheche, theluji na umati unaokimbia havina kinachotulia. Kila fremu, yaani kila picha moja inayounda mwendo, ni mpya, data inaisha, na picha inageuka vigae vya mraba vinavyotetemeka. Kwa hiyo faili lilelile linaweza kuonyesha mazungumzo safi kabisa, halafu likafa mara vita inapoanza, na mtazamaji akaamini waliotengeneza muvi waliishiwa pesa katikati.

Mfano mkubwa unafahamika. Tarehe 28 Aprili 2019 ilirushwa episodi ya tatu ya sizoni ya mwisho ya Game of Thrones, tamthilia ya majoka na viti vya enzi, dakika 82, karibu zote vita ya usiku, iliyopigwa picha kwa usiku 55. Watazamaji dunia nzima walilalamika kwamba hawaoni kitu. Mpiga picha mkuu, Fabian Wagner, alijitetea kwamba kosa ni ubanaji wa picha na televisheni ambazo watu hawajazipanga. Alikuwa na haki nusu. Ubanaji kweli uliiharibu, na giza lile lilikusudiwa. Lakini anayetengeneza kazi ya televisheni anajua itaangaliwa sebuleni, wala si kwenye chumba chenye giza cha mhariri, na hilo nalo ni sehemu ya kazi yake.

Kujua kosa ni la nani kunachukua dakika mbili. Simamisha picha kwenye giza zito. Ukiona vigae vya mraba au michirizi kama ya ramani pale palipotakiwa kuwa na kivuli laini, kopi ndiyo mbovu. Ukiona weusi laini usio na umbo lolote, chomeka flashi hiyohiyo kwenye simu yenye kioo kizuri, uangalie palepale. Umbo likitokea kwenye simu, televisheni ndiyo inayokunyima. Lisipotokea kokote, sasa una ruhusa ya kumlaumu mwongozaji, au kopi iliyobanwa mpaka umbo lenyewe likafutika. Faili kubwa zaidi litakuambia ni lipi.

Kuna makosa mengine ya flashi yanayosingiziwa muvi. Faili linalozidi gigabaiti 4 halinakiliki kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, hata kama nafasi ipo. Ukiifomati kwa exFAT litaingia, ila televisheni na deki nyingi za zamani hazitaisoma. Sauti ikisikika bila picha, mara nyingi faili limebanwa kwa H.265, mfumo mpya wa kubana picha, na televisheni yako inajua ule wa zamani, H.264, tu. Picha ikionekana bila sauti, angalia kama sauti yake ni ya DTS, aina mojawapo ya kuhifadhi sauti, kwani televisheni kadhaa haziifungui. Kote huko dawa ni kuomba faili la aina nyingine, si kubadilisha waya. Na tuseme wazi: laibrari nyingi zinanakili bila ruhusa ya wenye kazi, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalikataza. Kopi zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya sinema hazistahili hata kujadiliwa. Ukisikia watu wakikohoa, zima.

Televisheni inayojifanya fundi

Karibu muvi zote hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Ukungu mdogo unaobaki kwenye mkono unaokwenda kasi ndio unaolipatia pigano utamu wake. Televisheni mpya huja zimewashwa kitu kinachobuni fremu za katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mpira ni sawa. Kwa muvi, panga linaonekana la plastiki, joka linaonekana la kuchorwa, na kila kitu kinafanana na tamthilia iliyorekodiwa studio. Mwongozaji Peter Jackson alipoonyesha The Hobbit mwaka 2012 kwa fremu 48, watu wengi walilalamikia hali hiyohiyo, na yeye alikuwa na fremu za kweli, si za kubuniwa. Kwenye LG kitu hicho kinaitwa TruMotion, kwenye Samsung Motion Plus, kwenye Sony Motionflow. Kizime. Kisha toa picha kwenye Vivid au Dynamic, ambayo imepangwa kuvutia mteja dukani, uiweke kwenye Movie au Cinema. Dakika kumi za kwanza utaona rangi imekuwa kama ya njano. Vumilia, jicho litazoea.

Usiongeze mwanga wa picha hadi mwisho ili kushinda jua la mabati. Weusi utageuka kijivu na bado hutaona, kwa kuwa tatizo ni mwanga unaopiga kioo kutoka nje. Turubai zito juu ya dirisha na gamu ya bati kwenye matundu vinasaidia kuliko mpangilio wowote.

Tukuyu kuna adui mwingine: mvua juu ya bati. Mwenye kibanda anaongeza sauti, milipuko inapasua spika, na maneno bado hayasikiki. Sababu ni kwamba muvi hizi huchanganywa kwa spika sita, na maongezi hukaa kwenye spika ya katikati ambayo kibanda hakina. Vikishushwa kwenye spika mbili, maneno yanafunikwa na muziki. Punguza besi kwanza, kisha tafuta kwenye mpangilio wa sauti sehemu ya kukuza maongezi. Kuongeza sauti yote ni kuongeza pia kile kinachokusumbua.

Maandishi ya chini yakipishana na maneno, angalia yanapishanaje. Kama ni sekunde tatu mwanzo na sekunde tatu mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezesha muvi kwenye kompyuta, bonyeza G au H, kila mbonyezo unasogeza milisekunde 50. Kama yanaanza sawa halafu yanazidi kutangulia, yaliandaliwa kwa kopi ya fremu 25 na yako ni ya 23.976. Kwa muvi ya saa mbili tofauti inafika karibu dakika 5. Usihangaike kusogeza, tafuta maandishi mengine.

Mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya muvi naye ni sehemu ya unachohukumu. Tangu enzi za Lufufu, mtafsiri maarufu wa muvi, tafsiri ya Kitanzania haijawahi kuwa ya neno kwa neno. Ni usimuliaji mpya juu ya picha, wenye utani, majina ya mitaa na maoni juu ya tabia ya adui. Inapendeza, na kwa watu wengi ndiyo iliyowafundisha kupenda picha. Ila ina gharama mbili. Mtafsiri anaogopa ukimya, na muvi nyingi za kutisha au za kichawi zimejenga ukimya kwa makusudi kabla ya pigo. Pia anaweza kukueleza mapema nani msaliti. Ukisema hadithi haina mshangao, uliza kwanza ni nani aliyeutoa.

Sasa pigano lenyewe

Vyote hivyo vikiwa sawa na bado huelewi nani kampiga nani, chukua saa ya simu. Hesabu mara ngapi picha inakatwa ndani ya sekunde 30 za pigano. Mikato 6 au 7 ina maana mwongozaji anajiamini. Mikato 15 ni sekunde 2 kwa kila shoti, kiwango kilichokaribiana na cha The Bourne Ultimatum ya 2007, ambayo ilifanya hivyo kwa akili. Ikipita hapo, mara nyingi kuna kitu kinafichwa.

Kinafichwa nini? Kwanza, ngumi ya muvi haimfikii mtu. Inapita pembeni ya uso, na aliyepigwa anatupa kichwa kwa wakati wake. Kamera ikiwa nyuma ya bega la mmoja wao, pengo hilo halionekani. Kamera ikiwa ubavuni, pengo linaonekana wazi, na kibanda kizima kinazomea. Pili, stelingi (wahusika wakuu) wengi hawajui kupigana, kwa hiyo kuna mbadala anayeruka na kuanguka, na sura yake haitakiwi kuonekana. Mkasi unawahi kabla hajageuka. Tatu, mazoezi ni gharama. Kwa The Matrix ya 1999, Yuen Woo-ping kutoka Hong Kong aliwafundisha waigizaji kwa takriban miezi minne kabla ya kamera kuwaka. Studio nyingi hazitoi hata mwezi.

Picha za Hong Kong zilikwenda njia nyingine. Kamera inarudi nyuma mpaka unamwona mtu mzima, kichwa hadi unyayo, na pigo na pokeo vinakaa ndani ya shoti moja. Anapokata ili kusogea karibu, mhariri wa Jackie Chan hurudia fremu chache za pigo, ili jicho lililopotea kwenye mkato lipate nafasi ya kulipokea tena. Kwenye kompyuta, ukipeleka fremu moja moja, utaona mguu umegusa kifua mara mbili. Kwa mwendo wa kawaida hulioni hilo, unasikia uzito tu. Wahariri wengi wa Marekani hukata palepale pigo linapotua, na kwa kukata hapo wanalinyang'anya nguvu.

Mambo yamebadilika kidogo tangu mafundi wa mapigano wapewe viti vya uongozaji. Chad Stahelski, mmoja wa waliotengeneza John Wick ya 2014, ndiye aliyekuwa mbadala wa Keanu Reeves kwenye The Matrix. Alijua stelingi wake anaweza judo na bunduki, akarudisha kamera nyuma. Indonesia nako, The Raid ya 2011 ilimweka mbele Iko Uwais, mcheza pencak silat (mapigano ya jadi ya huko) wa kweli, na ukaona magoti na viwiko vikifika mwisho wa safari zao. Kwa ladha yangu, dakika tano za korido zile finyu za ghorofa zinashinda saa nzima ya magari yanayolipuka.

Nafasi finyu, tukiwa hapohapo, ina kazi. Lawama ya kale ya vibandani ni kwamba maadui 10 wanamzunguka stelingi halafu wanangoja zamu kama wako kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Fundi mzuri anawapa sababu ya kungoja: ukumbi finyu, ngazi, mlango mmoja, meza katikati. Akiwaweka uwanja wazi na bado wakaja mmoja mmoja, hapo zomea kwa raha zako.

Halafu kuna suala la nani yuko wapi. Kati ya watu wawili wanaopigana kuna mstari usioonekana, na kamera hubaki upande mmoja wa mstari huo. Ikiruka upande wa pili bila kukuonyesha, aliyekuwa kushoto anakuwa kulia. Fikiria mechi ya uwanja wa Sokoine: kamera ikihamia jukwaa la pili katikati ya shambulizi, utadhani timu inalishambulia lango lake yenyewe. Mwongozaji anayekata mara 15 huku akiruka mstari amekupokonya uwanja wote.

Watu wa Iringa wanajua hili bila kamera. Ukitaka kumsimulia mgeni vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, huanzi na mikuki. Unaanza na njia: msafara mrefu wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, umejinyoosha, watu wakifuatana, na Wahehe wamejificha kando ya njia hiyo. Msikilizaji akishajua nani hawezi kugeuka na nani haonekani, mapigano yenyewe yanaweza kusimuliwa kwa sentensi tatu na yakaeleweka. Shoti pana ya sekunde 5 mwanzoni mwa pigano inafanya kazi ileile. Inapokosekana, hakuna ustadi wa mikono utakaoiziba.

Vitu vikubwa na vinavyoruka

Aliyewahi kuona mkaratusi ukiangushwa Sao Hill anajua kwa nini majitu mengine ya kompyuta yanaonekana ya kitoto. Kitu kinachoanguka kutoka mita 20 bila kushikwa na chochote hutumia sekunde 2 kufika chini. Mti wa kimo hicho hutumia zaidi, kwa sababu unaanza kuinama polepole. Jitu la mita 20 likianguka kifudifudi kwa nusu sekunde, ubongo wako unapiga hesabu bila kukuuliza na kuhitimisha kwamba lina kimo cha mtoto. Ngozi inaweza kuwa imechorwa kwa ustadi wa hali ya juu. Kilichokosewa ni muda.

Kwa wanaoruka, tazama nyonga na miguu. Waya hufungwa kwenye mkanda kiunoni, kisha hufutwa kwa kompyuta. Mtu akiinuka bila kukunja magoti, mwili ukizunguka kutoka nyonga kama ndoo kwenye kamba ya kisima, na akitua bila goti kupokea uzito, waya imefutwa lakini bado unaiona. Wenzetu wa China waliigeuza kasoro hiyo kuwa mtindo: kwao kuruka ni maringo, hakudai kuwa na uzito. Ni halali, mradi muvi imekuambia hivyo tangu mwanzo.

Uchawi wenye bei

Hapo ndipo penye mzizi wa muvi na sizoni za kichawi. Lawama ya kwamba “haiwezekani” haina maana kwenye hadithi yenye majoka. Swali la haki ni kama hadithi inafuata sheria iliyojiwekea. Unahitaji kujua uchawi wake unaweza nini, unamgharimu nini anayeutumia, na nani mwingine anaujua. Nguvu isiyotajwa kwa episodi tisa ikizuka ya kumi stelingi akiwa chini ya panga, huo ni mkopo ambao mwandishi hakuomba. Stelingi kutokufa si kosa. Kila kibanda kinajua stelingi hafi. Kosa ni asipopoteza chochote.

Turudi kwa Game of Thrones, maana mwisho wake umetukanwa kwa sababu zisizo sahihi. Watu wanasema waigizaji walichoka, au majoka yaliharibika. Hesabu inasema kingine. Sizoni sita za kwanza zilikuwa na episodi 10 kila moja, ya saba ikawa na 7, ya nane 6, jumla 73. Vitabu vitano vya George R. R. Martin vilivyotoka kati ya 1996 na 2011 vilishapitwa na televisheni, na waandishi walibaki na mwisho wa safari bila barabara ya kufikia huko.

Dalili yake ya wazi ni safari. Sizoni za mwanzo, kutoka kaskazini hadi makao ya mfalme kulimla mtu episodi nzima au zaidi. Njiani alikutana na wezi, akabadilisha mawazo, akafanya urafiki na adui. Za mwisho, mtu anaaga hapa, shoti inayofuata yuko kule. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Ukinionyesha mtu anapanda basi asubuhi halafu shoti inayofuata anashuka Mbezi, sina neno, nitajua siku imepita. Lakini ukinionyesha amefika kabla ya simu aliyopigiwa kukatika, utanipa ndege ya Songwe au nitaacha kukuamini. Na barabara ikishafutwa, kinachofutika nayo ni sababu: malkia anayechoma mji angeweza kueleweka kama tungesafiri naye kwa episodi nne zaidi. Tulipewa dakika chache za uso wake na mlio wa kengele za mji.